Padri aliyeona kaburi bustanini

Swali: "Kila mara kiongozi wa nchi anapofanya ziara rasmi London namwona kwenye televisheni akipelekwa kuweka shada la maua kwenye kaburi la Askari Asiyejulikana, ndani ya kanisa la Abasia ya Westminster. Mwalimu wangu wa dini alituambia kwamba wazo la kaburi lile lilitoka kwa padri wa kawaida wa parokia, si kwa mfalme wala jenerali. Je, ni kweli? Alikuwa nani? Na nasikia alikuwa na nishani ya vita: padri anapewaje nishani, aliua watu? Nauliza pia kwa sababu ya nyumbani kwetu. Babu wa baba yangu alichukuliwa karioko, yaani kubeba mizigo ya jeshi, wakati wa Vita Kuu, hakurudi, na mpaka leo hatujui alizikwa wapi." — Msomaji, Muheza

Jibu:

Mwalimu wako alisema kweli. Padri huyo aliitwa David Railton, na siku alipoandika barua iliyozaa kaburi lile alikuwa padri wa parokia ya Mtakatifu Yohana Mbatizaji huko Margate, mji wa pwani kusini mashariki mwa Uingereza ambako watu wa London huenda kupunga upepo wa bahari. Nimefundisha historia ya Vita Kuu ya Kwanza kwa muda mrefu, na kila nikirudi kwa Railton naona jinsi habari yake inavyoeleweka vibaya. Wengi huichukua kuwa habari ya dola na fahari yake: gwaride, mizinga, mfalme nyuma ya jeneza. Mimi naiona kuwa habari ya matanga. Railton alijua kwamba msiba usio na maiti haumaliziki, akawatafutia wafiwa mahali pa kulia. Mengine yote, hata gwaride, yalikuja juu ya hilo.

Nianze na nishani, kwa kuwa jibu lake si refu. Hapana, hakuua mtu. Kasisi wa jeshi la Uingereza alivaa sare na kupewa cheo cha ofisa, lakini hakubeba silaha wala hakuwa na askari wa kuwaamrisha. Kwa mkataba wa Geneva alihesabiwa pamoja na waganga na wahudumu wa majeruhi. Askofu Mkuu wa Canterbury wa wakati huo, Randall Davidson, alitamka mapema kabisa kwamba kazi ya kupigana haipatani na daraja takatifu. Wako mapadri walioamua vingine. Bernard Vann, aliyekuwa mwalimu na padri katika shule moja ya Wellingborough, alijiunga kama ofisa wa kupigana, akapanda hadi luteni kanali, akauawa Oktoba 1918 siku chache baada ya kitendo kilichompatia Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza. Lakini huyo ni wa pembeni. Mapadri wengi waliokwenda vitani walikwenda mikono mitupu, na walikuwa wengi kweli: vita vilipoanza jeshi lilikuwa na makasisi 117 tu, na vilipokwisha walikuwa zaidi ya 3,000.

Mwanzoni waliambiwa wakae nyuma, kwenye hospitali na vituo vya mapumziko, wasisumbue mstari wa mbele. Askari wakawadharau, na sidhani walikosea. Utamsikilizaje mtu anayekuhubiria ujasiri siku ya Jumapili, kisha Jumatatu wewe unarudi handakini na yeye anarudi kitandani? Waliopata heshima ni wale waliovuka mpaka huo. Theodore Hardy, padri wa kijiji cha Hutton Roof kaskazini mwa Uingereza, aliingia jeshini mwaka 1916 akiwa na miaka 52, mjane, mwembamba, umri wa baba wa wale aliowahudumia. Usiku alitambaa mpaka walikolala majeruhi, na alipowakaribia gizani alijitambulisha kwa maneno yaleyale: ni mimi tu. Alipata nishani tatu kubwa za ushujaa, Msalaba wa Victoria ukiwa mmojawapo, na akafa kwa majeraha Rouen tarehe 18 Oktoba 1918, siku 2 kabla ya kutimiza miaka 55.

Nishani ya Railton ni Military Cross, iliyoanzishwa Desemba 1914 kwa ajili ya maofisa wa ngazi za chini walioonyesha ushujaa mbele ya adui. Aliipata mwaka 1916 kwa kumwokoa ofisa mmoja na askari wawili chini ya moto mkali. Watu watatu wakapata kuishi. Ndiyo nishani yenyewe, na nadhani utakubali kwamba padri anaweza kuivaa mbele ya madhabahu bila kuona haya.

Sasa mtu mwenyewe. Alizaliwa mwaka 1884 katika nyumba ambayo dini haikuwa jambo la Jumapili peke yake. Baba yake, George Scott Railton, alikuwa mkono wa kuume wa William Booth, mwanzilishi wa Jeshi la Wokovu, na mwaka 1880 ndiye aliyeongoza kundi la kwanza lililotumwa rasmi Marekani, yeye na wanawake 7. Mtoto hakumfuata baba hadi mwisho. Alisoma Oxford, akapewa daraja katika Kanisa la Uingereza mwaka 1908, akahudumu kama padri msaidizi, na vita vilipoanza alikuwa Folkestone. Ukiitazama ramani utaelewa: Folkestone ni bandari inayotazamana na Ufaransa, na hapo ndipo askari walipopita kwa maelfu kwenda upande wa pili. Kabla hajaenda vitani, Railton aliwaona wakipanda meli. Mwaka 1916 akavuka yeye mwenyewe.

Kwa muda alikuwa na divisheni ya 47, vijana wa London. Septemba mwaka huo divisheni hiyo iliteka High Wood, msitu mdogo katika mapigano ya Somme, kwa hasara ya kutisha. Mapigano yalipotulia kikosi alichokuwa nacho kiliachwa nyuma kusafisha uwanja. Maana ya kusafisha ni kuokota maiti, na vipande vya maiti, kutafuta kibati cha jina au barua mfukoni, kisha kuzika. Alimwandikia mkewe kwamba hakuna maneno ya kueleza jambo lile. Baadhi ya askari, alisema, walirukwa na akili pale, si kwa mshindo wa kombora bali kwa walichokiona na harufu waliyoivuta, na yeye, aliyekuwa katika hali mbaya vilevile, ilimbidi awatie moyo waendelee. Wengi wa waliookotwa hawakuwa na jina. Kombora linapoangukia mahali palipokwisha kuzikwa watu linafukua na kuchanganya, na mvua inamalizia. Vita vilipokwisha, wanajeshi wa Uingereza na dola yake waliokuwa hawana kaburi linalojulikana walizidi nusu milioni. Ukifika Ypres huko Ubelgiji utakuta lango kubwa, Menin Gate, lililochongwa majina zaidi ya 54,000 ya watu wa namna hiyo, na hao ni wa eneo moja na wa sehemu tu ya vita.

Ilikuwa mwaka huohuo wa 1916, karibu na Armentières, mahali paitwapo Erquinghem, kwamba alikutana na kaburi lililomtawala maisha yake yote. Baadaye alilieleza mwenyewe kwa maandishi, na ni maelezo mafupi yasiyo na mapambo. Alikuwa amerudi jioni kutoka mstari wa mbele, baada ya kumzika mwenzao mmoja. Nyumba aliyopangiwa kulala ilikuwa na bustani ndogo. Hatua chache tu kutoka nyumbani kulikuwa na kaburi, na kichwani pake msalaba wa mti mweupe uliochongwa ovyo. Juu yake mtu alikuwa ameandika kwa penseli nyeusi: askari wa Uingereza asiyejulikana. Na chini ya hapo: wa Black Watch. Hicho ni kikosi cha Waskoti. Yaani aliyemzika alijua kabila la sare yake na hakujua zaidi.

Railton anasema anakumbuka jinsi kulivyokuwa kimya. Hata mizinga ilionekana kupumzika. Ndani maofisa walikuwa wakicheza karata. Yeye akasimama pale bustanini, akaanza kujiuliza maswali ambayo mtu yeyote aliyekulia kwenye jamii inayojua kuzika angejiuliza. Huyu ni nani? Wazazi wake ni akina nani? Nifanye nini kupunguza uchungu wa baba yake, mama yake, ndugu zake, mchumba wake, mkewe? Jibu, anasema, lilimjia polepole: mwili huu, kama alama yake, uvushwe bahari kwa heshima, urudishwe nchi yake. Halafu anaongeza sentensi ambayo kila nikiisoma hunishika koo: alikuwa na furaha kwa muda wa dakika kama tano au kumi.

Ili uelewe uzito wa wazo hilo lazima ujue sheria iliyokuwapo. Tangu 1915 Waingereza walikuwa wamekataza miili ya askari isirudishwe nyumbani. Sababu ilikuwa ya haki kwa namna yake. Tajiri angeweza kumleta mwanawe kwa meli, maskini asingeweza, kwa hiyo wote wabaki walikoanguka, ofisa na askari wake kwa mawe ya kaburi yanayofanana. Tume ya Makaburi ya Vita ya Dola, iliyoundwa mwaka 1917, ilisimamia msimamo huo mbele ya kina mama waliolia na kuandika maombi. Mimi nauheshimu uamuzi ule. Lakini usawa huo ulikuwa na bei: mama wa Manchester au wa Glasgow alipelekewa karatasi ya taarifa na jina la mahali asipoweza kulitamka, basi. Hakuna jeneza, hakuna kuosha, hakuna udongo wa kutupia. Kwetu twajua matanga huwekwa na matanga huanuliwa, na siku ya kuanua mfiwa hupata ruhusa ya kuendelea kuishi. Maelfu ya nyumba za Uingereza zilikuwa na matanga yasiyo na siku ya kuanuliwa. Na yule ambaye mwanawe aliandikwa "hajulikani alipo" alikuwa katika hali mbaya zaidi, kwa sababu kila mlango ukigongwa moyo unaruka. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na wao waliujua kwa miaka.

Railton aliliweka wazo lake moyoni miaka minne. Vita vikaisha, akarudi Folkestone, akahamia Margate. Agosti 1920 akamwandikia Dean wa Westminster, yaani padri mkuu wa Abasia, Herbert Ryle, akiomba mambo mawili: mwili wa askari mmoja asiyejulikana uzikwe ndani ya Abasia, na jeneza lifunikwe kwa bendera halisi ya vitani, aliyokuwa nayo yeye, si mpya ya dukani. Ryle akaupeleka mpango juu. Mfalme George V hakuupenda mwanzoni. Aliona miaka miwili imepita tangu risasi ya mwisho na akahofia kutonesha kidonda kilichoanza kufunga. Waziri Mkuu Lloyd George ndiye aliyeukumbatia, na mfalme akakubali. Mpaka hapo Oktoba ilikuwa imekwisha fika, na siku iliyotakiwa ni 11 Novemba.

Sehemu inayofuata huifundisha kwa makini kuliko zote, kwa sababu hapa ujinga ulilindwa kama hazina. Ilitakiwa kwamba hakuna mtu duniani atakayejua ni nani. Vikundi vilitumwa kwenye medani kubwa za Waingereza, Aisne, Somme, Arras na Ypres, kila kimoja kifukue mwili wa askari asiyetambulika. Miili ikaletwa kwenye kanisa dogo la kambini huko St Pol, ikafunikwa bendera. Usiku wa 7 Novemba Brigedia Jenerali Wyatt akaingia, asijue upi umetoka wapi, akagusa mmoja. Mingine ikarudishwa ardhini. Kama angejulikana hata kidogo tu, kwamba ni wa kikosi fulani au wa mwaka fulani, maelfu ya kina mama wangelazimika kusema: basi si wangu. Kwa kuwa hakuna aliyejua, kila mmoja aliweza kusema: huenda ni wangu. Railton alikuwa ameliona hilo tangu bustanini, na hakulitoa kwenye kitabu chochote cha siasa. Alilitoa kwa kuwaandikia wafiwa barua, kazi ambayo kila kasisi wa jeshi aliifanya usiku baada ya usiku.

Jeneza lilitengenezwa kwa mwaloni uliokatwa Hampton Court, na juu yake pakafungwa upanga wa kale kutoka mkusanyo wa mfalme. Tarehe 10 Novemba manowari HMS Verdun ikalivusha kutoka Boulogne hadi Dover, na treni ikalifikisha stesheni ya Victoria usiku. Asubuhi ya 11 Novemba 1920 likapita mitaani juu ya gari la mzinga. Mfalme alifuata kwa miguu kama mfiwa mkuu. Waliosindikiza pembeni walikuwa wakuu wa majeshi. Ndani ya Abasia walijipanga watu 100 wenye nishani za ushujaa, wengi wao Msalaba wa Victoria. Yote hayo magazeti yaliyaandika kwa herufi kubwa. Mimi huwaonyesha wanafunzi wangu viti vya heshima vilipewa nani: kundi la wanawake kama 100, na sharti la kuingia kundini lilikuwa kwamba mwanamke amempoteza mume wake na watoto wake wote wa kiume. Kaburi lilijazwa udongo ulioletwa kwa magunia kutoka Ufaransa, ili alale katika ardhi aliyofia. Umati ukaanza kupita. Inakadiriwa kwamba katika juma la kwanza tu walipita watu 1,250,000.

Bendera iliyokuwa juu ya jeneza ilikuwa ile ya Railton. Huko vitani aliitandika juu ya masanduku, yakawa madhabahu ya kuadhimishia ushirika mtakatifu. Kesho yake akaitandaza juu ya maiti kabla ya kuizika. Alishikilia kwamba isibadilishwe kwa nyingine safi, kwa sababu madoa yake yalikuwa damu ya watu aliowajua. Mwaka mmoja baadaye, 11 Novemba 1921, ilitundikwa ndani ya Abasia, na ipo humo mpaka sasa, katika kikanisa cha Mtakatifu George karibu na mlango wa magharibi.

Jambo moja hakulipata. Yeye alitaka kaburi liitwe la "Mwenzetu Asiyejulikana". Wakubwa wakachagua neno la Kiingereza lenye maana ya mpiganaji au shujaa, ili liwajumuishe wanamaji na wanahewa pamoja na askari wa nchi kavu. Sababu yao inaeleweka, ila nadhani neno la Railton lilikuwa bora. Mwenzetu ni yule uliyekula naye.

Siku hiyohiyo ya 11 Novemba 1920 Wafaransa nao walimleta askari wao kwenye lango la ushindi mjini Paris, wakamzika chini yake Januari 1921. Mwaka huo wa 1921 Marekani na Italia wakafanya vivyo hivyo, na Ubelgiji mwaka 1922. Leo nchi nyingi zina kaburi la namna hii.

Ukisimama kwenye jiwe lile jeusi kutoka Ubelgiji, soma mstari unaosema walimzika pamoja na wafalme kwa sababu alikuwa ametenda mema kwa Mungu na kwa nyumba yake. Dean Ryle aliutoa katika Mambo ya Nyakati wa Pili, sura ya 24. Fungua Biblia yako uone unamhusu nani: si askari, si mfalme. Ni Yehoyada, kuhani. Sijui msomaji wa Biblia anayeweza kupita hapo bila kumfikiria padri wa Margate.

Maisha yake baada ya hapo sitayarefusha, ingawa ndiyo yaliyochukua miaka mingi zaidi. Alikuwa padri wa parokia, na kazi ya padri wa parokia haina gwaride: ubatizo, ndoa, wagonjwa, na katika miaka ile wanaume waliorudi vitani wakakosa kazi, kwani mwaka 1921 wasio na kazi Uingereza walivuka milioni 2. Kutoka Margate alikwenda kwingine, Westminster, Bradford, Shalford, Liverpool, akastaafu mwaka 1945 na kuhamia Uskoti. Binti yake Ruth akawa mwanamuziki, na mwaka 1948 akaanzisha okestra ya taifa ya vijana. Mauti ya Railton yana jambo la ajabu. Baba yake mzee alikufa mwaka 1913 mjini Cologne, Ujerumani, akikimbilia treni. David naye tarehe 30 Juni 1955 alianguka kutoka kwenye treni iliyokuwa ikitembea, stesheni ya Fort William, akafa. Hakuwahi kudai sifa ya lile kaburi, na Waingereza wengi wanaolipita leo hawajui jina lake.

Sasa nije nyumbani kwako. Wewe umeandika kutoka Muheza, na karibu nawe, Magila, amezikwa mtu anayepaswa kutajwa katika mlango huu. Frank Weston, askofu wa Zanzibar wa UMCA, misheni ya Kianglikana, hakuwa padri wa parokia ya Uingereza, lakini mwaka 1916 alifanya jambo lililofanana na la wale makasisi waliovuka mpaka. Wapagazi walipotakiwa kwa ajili ya vita vya huku kwetu, aliunda kikosi cha wapagazi wa Zanzibar akakiongoza mwenyewe, akapewa cheo cha meja, akaenda nao kwa miguu bara. Serikali ilimpa nishani ya OBE. Alifariki Hegongo mwaka 1924.

Kikosi cha wapagazi kwa Kiingereza kiliitwa "Carrier Corps", na watu wetu wakakiita karioko. Ndiko lilikotoka jina la Kariakoo ya Dar es Salaam, na Kariokor ya Nairobi. Vita vya Afrika Mashariki vilipiganwa mahali ambapo malori hayakupita na ng'ombe walikufa kwa ndorobo, kwa hiyo mizigo ilikwenda juu ya vichwa vya watu. Kwa makadirio ya kawaida, upande wa Waingereza peke yake uliwachukua watu wanaokaribia milioni moja, na karibu laki moja walikufa, wengi kwa kuhara, homa ya mapafu, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Babu wa baba yako yumo katika hesabu hiyo.

Na hapa lazima niseme kinachoniuma. Ile kanuni ya usawa niliyoisifu, jiwe moja kwa ofisa na askari, haikuwafikia wapagazi. Mnara wa Askari pale Samora, Dar es Salaam, uliosimamishwa mwaka 1927, unawakumbuka kwa maneno mazuri: unawaita miguu na mikono ya jeshi, na unamwahidi anayepigania nchi yake kwamba hata akifa wanawe watalikumbuka jina lake. Maneno hayo yako kwa Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu. Jina hata moja la mpagazi halipo. Aprili 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti juu ya kosa hilo. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza akaomba radhi bungeni.

Kuna tofauti kubwa, ndugu yangu, na naomba uishike. Yule wa Westminster hajulikani kwa sababu kombora lilimfuta. Wa kwenu alijulikana: aliandikishwa, alipewa mzigo, alihesabiwa kila asubuhi. Waliomchukua ndio waliokuwa na orodha, na baada ya vita hawakuona haja ya kulichonga jina.

Tume ile imeahidi kuendelea kuyatafuta majina katika nyaraka zilizobaki, na inapokea taarifa za familia. Kwa hiyo fanya hivi, na usikawie, maana wazee wanaondoka. Kaa na mkubwa wa ukoo aliye hai. Andika jina kamili la marehemu na la baba yake, kwa namna zote mbili au tatu yanavyotamkwa, kwa kuwa karani wa Kizungu aliliandika kama alivyolisikia. Andika kijiji, jumbe aliyemtoa, mwaka, na kama inakumbukwa alipelekwa upande gani, Rufiji, Kilwa, Songea au Msumbiji. Andika waliochukuliwa naye siku ile na yupi alirudi, kwani aliyerudi ndiye aliyeleta habari ya kifo na huenda alisema ni wapi. Ukishapata hayo niandikie tena, nami nitakusaidia kuyaweka katika barua.